Nani Atafua Shati Lako?

Boom likiingia, mambo hubadilika hosteli. Foleni ya bombani hupungua, ndoo hukauka chini ya vitanda, na kina mama wa kufua huanza kuonekana getini na mabeseni yao. Ule ugali wa kupika kwa zamu husahaulika, chipsi kuku inachukua nafasi. Boom likikata, kila mtu anarudi kwenye ndoo yake kimya kimya, kama mtu aliyeshushwa cheo. Swali la somo hili linaanzia hapo: kwa nini kufua shati lako mwenyewe kuhesabiwe kuwa ni kushuka?

Mimi ni mtoto wa Mpanda. Mifano mingi nitakayotoa inatoka mkoa wa Katavi, kwanza kwa sababu ndiko ninakokujua, pili kwa sababu historia ya kule imebeba karibu kila upande wa swali hili. Nina hoja moja tu. Mtu anayejifanyia kazi zake hujifunza uzito wa jasho, na asiyeujua uzito huo ni vigumu kumtendea haki anayemfanyia kazi. Kwa hiyo tunapojadili nani afue na nani adeki, usafi na kubana matumizi ni mambo ya pembeni. Tunajadili haki.

Dharau ilitoka wapi?

Hatukuzaliwa tukiidharau kazi ya mikono. Mtoto wa miaka minne akiona mtu anafagia, analia apewe fagio. Dharau tunafundishwa, na walimu wake ni wengi.

Mwalimu wa kwanza ni utumwa. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita magharibi mwa nchi yetu kutoka Ziwa Tanganyika kwenda pwani. Katika ulimwengu ule, kumchotea bwana maji na kumlimia zilikuwa kazi za mtumwa, na bwana alijulikana kwa kutozigusa. Ukienda Karema, ufukweni mwa ziwa katika Wilaya ya Tanganyika ya leo, utasikia habari za Adriano Atiman. Huyu alitekwa na kuuzwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Alitibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyewahi kuwekewa bei kama mzigo akaitumia mikono yake kwa hiari, zaidi ya miaka 60, kuhudumia wagonjwa. Kazi ya kulazimishwa ilimfanya bidhaa, na kazi aliyoichagua ikamjengea jina ambalo bado linatajwa.

Mwalimu wa pili ni ukoloni. Kodi ililipwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kwenda kuitafuta mbali. Magharibi mwa Tanganyika kukageuzwa kuwa ghala la vibarua. Vijana walisafirishwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Hebu fikiria neno lenyewe: mtu anaacha jina lake nyumbani, anakuwa tarakimu. Wakati huohuo karani, aliyekaa kivulini na kalamu, alibaki na jina lake na viatu vyake. Mzazi aliyeyaona hayo alimwambia mwanawe asome ili asishike jembe. Hatuwezi kumlaumu. Aliona jembe likiwa mikononi mwa watu walioonewa, akadhani ubaya uko kwenye jembe.

Mwalimu wa tatu tunamjua wote: adhabu. Shule niliyosoma, ukichelewa namba unafyeka. Ukiongea lugha iliyokatazwa unadeki vyoo. Ukipiga kelele unachota maji ya jikoni. Baada ya miaka yote ya mafunzo hayo, nani atashangaa kijana akifika chuo anaona fagio kama hukumu? Tumefundishwa kwamba usafi ni kazi ya mwenye hatia. Mwanafunzi bora alikaa darasani, na mkosaji ndiye aliyeshika fyekeo.

Somo la Katumba na Mishamo

Ukitoka Mpanda mjini kwa treni ya kwenda Kaliua, hutachukua muda kufika Katumba. Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi na maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania. Katumba ilifunguliwa mwaka 1973, na Mishamo, iliyo mbali zaidi upande wa magharibi, ikafuata mwaka 1978. Hazikuwa kambi za kupanga foleni ya mgao milele. Familia zilipewa ardhi, zana, mbegu na chakula cha kuanzia, mbele yao kukiwa na pori la miombo.

Pori lile lilifyekwa kwa mikono. Visiki vikang'olewa, barabara zikapitishwa, vijiji vikapangwa. Baada ya misimu kadhaa watu wale walikuwa wanajilisha, na ziada ikawa inauzwa. Mahindi, maharage na mihogo yao ililiwa hadi mjini kwetu, na tumbaku ikaingia sokoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe, na mwisho wa yote wakawa wanamlisha mwenyeji.

Lakini nisiishie kwenye sifa, maana sifa peke yake inadanganya. Kwa miaka mingi wakazi wa makazi yale walihitaji kibali kutoka nje ya eneo lao. Jasho lao lilikuwa linasifiwa, wao wenyewe wakabaki wageni. Maombi ya uraia ya watu zaidi ya 160,000 kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu ya Tabora yalikubaliwa baada ya zaidi ya miaka 30, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kuna watu walizaliwa, wakakua, wakaoa na kupata watoto kabla ya kuitwa raia wa ardhi waliyoifyeka.

Hapa kuna tahadhari kwa yeyote anayependa kusifu kazi ngumu, nami nikiwemo. Ni rahisi sana kusifu mikono ya mtu huku ukimnyima nafasi mezani. Ukimsikia mtu anasema "hawa watu ni wachapakazi kweli kweli", muulize anawalipa nini na anawaita nani. Sifa isiyo na haki ni njia nyingine ya kumwambia mtu aendelee kuinama.

Mwalimu aliuliza

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga mpango wa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, uliotaka wasomi watumikie kwa muda wakiwa na malipo pungufu. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao. Siku hiyohiyo Rais Nyerere alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Unaweza kukubaliana au kutokubaliana na hatua ya kuwafukuza, lakini huwezi kusema aliwadai wengine kitu na yeye akajisamehe.

Miezi michache baadaye, Machi 1967, ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunaukumbuka kwa habari ya mashamba ya shule. Tunasahau kwamba ndani yake kuna swali la nyumbani kabisa. Mwalimu alihoji kama kuna ulazima wa mwanafunzi wa Kitanzania kupikiwa na watu wengine, kuoshewa vyombo, na kufanyiwa usafi wa chumba na bustani. Alikuwa anawaza hasa wanafunzi wa sekondari, vijana wa miaka 14 na kuendelea. Sisi tuna miaka 20 na kitu, na swali bado linatusubiri.

Utekelezaji ulikuja na kasoro zake. Sehemu nyingine shamba la shule liligeuka kuwa adhabu, sehemu nyingine likawa vibarua wa bure. Mwanafunzi alilima asichokila, wala hakuelezwa mapato yameenda wapi. Ndiyo maana wazazi wengi walifurahi zoezi lile lilipofifia. Nadhani tulichotupa ni swali lenyewe, wakati kilichostahili kutupwa ni namna lilivyotekelezwa. Shamba ambalo mlimaji hana kauli juu ya mavuno yake halifundishi kujitegemea. Linafundisha kukwepa.

Mistari mitatu ya mama

Nyumbani kwetu tulilima mahindi na mpunga kidogo. Palizi ya mpunga haipaliliwi ukiwa wima. Unainama asubuhi, ukijinyoosha ni saa nne, mgongo unakukumbusha kila mfupa ulio nao. Nyasi nyingine zinafanana na mpunga wenyewe, kwa hiyo macho yanafanya kazi sawa na mikono. Mtu anayesema kazi ya shamba haihitaji akili, mpe nusu saa tu kwenye mpunga mchanga, uone ataacha nini na atang'oa nini.

Tulipokosa nguvu ya kutosha, mama alitafuta vibarua. Alikuwa na kanuni moja: hapangi bei ya ngwe akiwa amekaa kivulini. Kwanza aliingia shambani na wale vibarua, akapalilia nao mistari mitatu, akaona nyasi zimeshika kiasi gani na udongo ni mgumu kiasi gani. Ndipo wakapatana. Majirani walimwona anapoteza muda. Yeye alisema kwamba bei iliyopangwa kivulini huwa inamfaa aliye kivulini.

Sijapata darasani maelezo mazuri zaidi ya haki ya mshahara kuliko yale. Kitabu kitakuambia mshahara hupangwa na soko. Ni kweli kwa kiasi chake. Lakini soko linaendeshwa na watu, na mtu ambaye mgongo wake hauna kumbukumbu yoyote ya palizi ataona kila bei ni kubwa. Sisemi kila aliyewahi kulima ni mwajiri mwema, hapana. Tunawajua waliotoka chini na sasa wanawapunja wenzao kuliko hata waliozaliwa juu. Kumbukumbu ya jasho haimlazimishi mtu kutenda haki. Inamwondolea tu kisingizio cha kutojua.

Kule Mpimbwe na Mlele wamehamia Wasukuma wengi na ng'ombe wao. Wao wana bugobogobo, ngoma inayochezwa na majembe, iliyotokana na kulima kwa pamoja. Jembe linarushwa juu, linadakwa, miguu inafuata mdundo. Nawatazama wale wachezaji na kujiuliza ni lini sisi wasomi tumewahi kubeba kifaa cha kazi yetu kwa fahari namna ile. Jembe ni lilelile lililokuwa adhabu shuleni kwetu. Tofauti ni kwamba wao walilishika kwa kukubaliana, kwenye shamba la mwenzao, wakijua zamu yao inakuja.

"Si namlipa?"

Nikizungumza haya kwenye kimbweta, pingamizi huja haraka. Ngoja nizipitie kwa haki.

La kwanza: "Mimi namlipa, yeye anapata riziki, tatizo liko wapi?" Hoja hii ina uzito. Mama anayefua hosteli ana watoto, na tukisusa wote kwa jina la maadili, tutakuwa tumetakasa roho zetu kwa kumkosesha unga. Sisemi msimpe kazi. Nasema tuangalie tunampaje. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani wa kundi la chini kabisa, anayeishi kwa mwajiri, shilingi 60,000 kwa mwezi. Boom letu la chakula na malazi lilipandishwa kuwa shilingi 10,000 kwa siku. Piga hesabu: kwa viwango hivyo, siku 6 za boom zilikuwa mwezi mzima wa dada aliyeamka saa kumi na moja alfajiri. Halafu mwanachuo huyohuyo anabishana na mama wa kufua kuhusu shilingi 500, jinsi tatu zikiwa zimelowekwa tayari! Ukifua jinsi moja kwa mikono, ukaikamua mwenyewe, nakuhakikishia mabishano yale yatakwisha.

Na hata ukilipa vizuri, yapo mambo ambayo fedha haiyahamishi. Sahani uliyolia, nguo yako ya ndani, choo ulichokitumia na kukiacha kichafu kwa makusudi ukijua kuna mtu wa usafi. Hayo ya mwisho hatuwezi kuyaita ajira. Ni kumwambia binadamu mwenzako kwamba yupo duniani kwa ajili ya uzembe wako.

La pili: "Muda. Nina kozi saba na UE iko mlangoni." Sawa, wiki ya mtihani ni wiki ya mtihani. Lakini kufua shati moja kila jioni unapooga ni dakika tano. Kinachotumaliza ni kusubiri nguo zijae kapu zima, kisha tunauita mlima tulioujenga wenyewe ukosefu wa muda.

La tatu huwa halisemwi kwa sauti: "Kuna kazi za kike." Huyu anakuja na nyama na mchele chumbani kwa dada wa kozi yake, anakaa kitandani na simu mpaka msosi uive, akimaliza anaaga. Dada anabaki na sufuria, na UE ni ileile. Mama yangu aliwafundisha kaka zangu kupika na kufua. Majirani wakasema anawaharibu. Leo kaka mkubwa anafanya kazi mbali na nyumbani na hajawahi kulala njaa kwa kukosa mtu wa kumpikia. Mwanaume anayehitaji mwanamke ili apate shati safi hajajitegemea, hata akiwa na shahada tatu.

Na kuna jambo moja ambalo sisi tunaosifu kazi tunaweza kulikosea. Wapo wenzetu wenye ulemavu, wapo wagonjwa, wapo wazee. Heshima ya mtu haitokani na uwezo wake wa kubeba ndoo. Ninayemlenga ni anayeweza na hataki, kisha anamdharau anayemfanyia. Kumfulia mwenzako aliyelazwa ni sehemu ya somo hilihili, maana mikono inayojua kazi ndiyo inayoweza kusaidia.

Tuanzie wapi?

Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru hazikufanyika kwa gwaride. Rais Magufuli aliifanya siku hiyo kuwa ya usafi, na yeye mwenyewe akaonekana akiokota taka kwa mikono. Siku moja ya namna ile inaamsha watu. Ila choo cha hosteli kinachafuka kila siku, pakiwa hapana kamera. Kwa hiyo napendekeza mambo madogo yanayoweza kudumu.

Kwanza, kila korido iwe na orodha ya zamu ukutani, yenye majina ya wote, viongozi wa serikali ya wanafunzi wakianza. Kiongozi asiyeonekana na deki wiki yake asituombe kura.

Pili, tuache kutumia usafi kama adhabu. Mwenye kosa atafutiwe adhabu nyingine, kusafisha kubaki kuwa wajibu wa kila anayeishi pale. Wale watakaokuwa walimu, tafadhali lichukueni hili mwende nalo shuleni.

Tatu, wahudumu wa usafi wa chuo tuwajue kwa majina, tuwasalimie, na tukiwalipa kwa kazi ya ziada tulipe siku hiyohiyo. "Nitakutumia kesho, dada" imewalaza watu njaa.

Nne, likizo ukienda nyumbani, usikae kama mgeni rasmi. Shika jembe, hata kwa mistari mitatu. Ukiwa unasomea uchumi, sheria, kilimo au ualimu, siku moja utapanga bei ya jasho la mtu, kwa kalamu, ukiwa ndani ya ofisi yenye feni. Afadhali mgongo wako uwe na la kusema siku hiyo.

Maswali ya kujadili

1. Ni kazi zipi ulizofundishwa shuleni kwa njia ya adhabu, na leo unazionaje?

2. Je, waliofyeka pori la Mishamo walipata heshima kwa sababu ya kazi yao, au walistahili heshima hata kabla ya kushika jembe? Toa sababu.

3. Mama wa kufua akikuuliza bei iliyo ya haki kwa beseni moja la nguo, utaipataje? Jibu baada ya kufua beseni moja.